Jiwe la Chumvi Chini ya Waya

Juni 2

Daftari la ofisi lina mstari mmoja kwa kila siku, na mstari wenyewe unatosha neno moja. Kwa miaka kumi na tisa neno langu limekuwa "sawa". Daftari hili la pili nimelinunua mwenyewe kwa sababu nazeeka na nimebaki na maneno mengi. Mimi ni mlinzi wa uzio: kilomita kumi na nne za waya, hifadhi ya wanyama upande wa kule, ng'ombe wa watu upande wa huku. Watu huniita Koleo, kwa ajili ya koleo ya kukazia waya inayoning'inia kiunoni mwangu. Mke wangu alishafariki, nyumba ninayokaa ni ya idara, na kustaafu kumebaki miaka miwili. Kiangazi kimeanza. Uzio: sawa.

Juni 3

Sawa. Ngiri alichimba chini ya nguzo moja, nimeziba kwa mawe.

Juni 5

Nimekula kwa Dada. Zizi lake liko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu, ng'ombe arobaini na watatu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne na Dada kumi na mitano, akanibeba mgongoni, na mpaka leo nikiacha chakula ananigusa shingo kuona kama nina homa. Mwanawe tunamwita Mluzi, maana huongoza ng'ombe kwa mluzi wala hashiki fimbo. Ana miaka thelathini na mmoja na bado hajaoa.

"Mjomba, mwambie mama ng'ombe nao ni familia," alisema.

"Basi wakufulie nguo," Dada akamjibu, akampokonya sahani ili amwongeze.

Juni 7

Mstaafu amekuja. Ni nyati dume mzee aliyefukuzwa na kundi lake, na jina hilo nimempa mimi, kwa wivu. Huja alasiri karibu na nyumba yangu kulamba chumvi. Idara hunipa mawe ya chumvi niwawekee wanyama wa hifadhi, ili maofisa wakija kuwahesabu wawakute mahali pamoja. Mimi jiwe langu nimeliweka chini kabisa ya waya wa mwisho, nusu kule nusu huku, ng'ombe wa Dada nao wapate. Ni wizi mdogo, lakini mimi nauita undugu. Waya haukuguswa.

Mwaka huu Mstaafu amekonda, mbavu zinahesabika, na anakohoa kama mvuta sigara. Upande wa huku alikuwa Shangazi, ng'ombe wa Dada aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuchungulia kila kitu. Wawili hao walikuwa wakilamba jiwe moja, pua kwa pua. Nilikaa kwenye kigoda changu nikawatazama mpaka chai ikapoa. Nilifurahi kweli.

Juni 9

Daktari wa mifugo amefika kupima mazizi yote yaliyopakana na uzio. Ni mwanamke kijana, mfupi, sauti kubwa kuliko mwili. Ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye kijia chembamba cha mbao. Anamnyoa ng'ombe shingoni mahali pawili, anapima unene wa ngozi kwa kifaa kidogo cha chuma, anachoma sindano mbili. Atarudi baada ya siku tatu kuangalia kama pamevimba.

"Ni ya nini hii?" Dada aliuliza.

"Kifua kikuu, mama. Ng'ombe nao wanaugua."

"Hawa wangu hawavuti bangi," Dada akasema, na Daktari akacheka mpaka akakosea namba.

Juni 12

Saba wamevimba. Shangazi ni wa pili. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama embe bichi, hata mimi nisiye daktari niliuona kutoka kwenye lango. Kila aliyevimba alitobolewa sikio. Mluzi alikuwa anawashika vichwa, na kila sikio lilipotobolewa yeye ndiye aliyefumba macho.

Juni 13

Karantini. Msimamizi wangu amekuja na gari la ofisi akanikabidhi mnyororo na kufuli. Hakuna ng'ombe wala maziwa kutoka kwa Dada kwa siku sitini, mpaka wapimwe tena. Njia ya kutoka kwake inapita kwenye lango langu.

"Wewe ni mtu wa kuaminika, bwana Koleo," alisema. "Tangu nije hapa daftari lako halijawahi kuwa na doa."

Nimemfungia dada yangu. Alisimama upande wa pili akinitazama nikihangaika na kufuli, akasema, "Zungusha kushoto."

Juni 17

Leo saba wamechinjwa na kupasuliwa, na Daktari alituita tuone. Mapafu ya Shangazi yalikuwa na vinundu, na ndani ya vinundu mlikuwa na kitu kikavu, cha manjano, chenye mchanga mchanga. Ukikata kwa kisu kinakwaruza. Sikujua kwamba ugonjwa una sauti.

Daktari alitueleza taratibu, huku ananawa. Alisema ugonjwa huu nyati waliupata zamani kutoka kwa ng'ombe, ukaingia hifadhini ukakaa, na sasa nyati ndio wanaoutunza na kuurudisha. Tandala naye huvimba chini ya sikio, simba humla nyati akaupata. Huambukizwa kwa pumzi na kwa mate. Unaweza kukaa ndani ya mnyama hata mwaka mzima naye anakula tu vizuri.

Kisha akanigeukia. "Mzee, kuna mahali popote nyati wanaweza kukutana na ng'ombe hawa?"

Nikasema, "Uzio ni sawa."

Ilinitoka kabla sijafikiri, kama mtu anavyojibu salamu. Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipolikumbuka jiwe, nikakaa chini palepale njiani.

Juni 18

Nimelitoa jiwe. Lilikuwa na mashimo mawili, moja upande wa kule, moja upande wa huku, laini kama bakuli. Yalikuwa yamekaribia kukutana katikati. Nimelizika nyuma ya choo, kina cha mkono mzima, mchana kweupe, nikaweka kuni juu. Kisha nikaenda kwa Dada kunywa chai.

Juni 19

Sawa.

Juni 20

Sawa. Mstaafu amekuja, amelamba udongo. Nimemfukuza.

Juni 26

Ng'ombe wa Dada pia wanaenda palepale. Wanasimama kwenye waya wanalamba ardhi. Nimepamwagia majivu. Mluzi ameniuliza majivu ni ya nini, nikamwambia siafu.

Julai 1

Mluzi hana tena kazi ya kuchunga. Hana ruhusa ya kuwatoa ng'ombe kwenda malishoni, hivyo hukata majani akaleta kwa mgongo, mizigo kumi na minane kwa siku. Nilikuwa namwona mtu wa mzaha, mtu aliyekosa mke kwa uvivu wa kuvaa shati safi. Sasa namwona akipanga majani mafungu mafungu, dhaifu wapate kwanza, na naona aibu. Maziwa yanamwagwa kwenye shimo asubuhi na jioni. Dada anakamua hivyohivyo, maana ng'ombe asipokamuliwa anaumia. Anakamua, anabeba ndoo, anamwaga, anaosha ndoo.

Julai 2

Mstaafu amekuja. Nimemrushia mawe. Alinitazama tu.

Julai 3

Amekuja tena.

Julai 4

Tena. Hawezi hata kukohoa vizuri, anafungua mdomo na sauti haitoki.

Julai 9

Mstaafu amekufa, hatua ishirini kutoka kwenye waya, kichwa kimeelekea huku. Askari wa hifadhi walikuja na Daktari wakampasua. Sikuhitaji kuitwa. Nilikuwa mlangoni kwangu nikasikia kisu kikikwaruza. Daktari amechukua vipande kwenye chupa kupeleka maabara.

Julai 10

Sawa.

Julai 11

Sawa. Leo kalamu ilinigomea nikadhani ni dalili. Wino ulikuwa umekwisha tu.

Julai 24

Majibu ya maabara yamefika, na siku hii nataka niiandike yote.

Walikuja na magari mawili. Msimamizi, Daktari, na askari wa hifadhi wawili. Walikaa barazani kwangu, kwenye viti vyangu, nikawachemshia chai. Daktari alieleza kwamba kidudu kilichokuwa kwenye ng'ombe wa Dada na kile cha nyati aliyekufa ni ukoo mmoja. Si jamii moja tu, ni ukoo, kama watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo nyati huyu na ng'ombe hawa walikutana, na si mara moja.

Msimamizi akafungua daftari langu. Alilifungua kwa heshima, ukurasa baada ya ukurasa, sawa, sawa, sawa, mwaka huu na mwaka jana. "Basi nyati hakutoka," akasema. "Kama nyati hakutoka, ng'ombe waliingia."

Yaani Mluzi aliwaingiza hifadhini kuchunga. Hilo ni kosa la mfugaji. Kwa kosa la mfugaji, mchungaji hushtakiwa, na mwenye zizi huondolewa kando ya uzio, yeye na nyumba yake, asirudi tena. Kama kosa lingekuwa la uzio, zizi lingepumzishwa miezi sita, kisha idara ingewaletea ng'ombe wengine wazima. Msimamizi alieleza yote hayo kwa upole, akinitazama mimi, kwa kuwa alidhani ananipa pole.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja fupi. Niliitunga kichwani: jiwe la chumvi nililiweka chini ya waya. Maneno saba, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyasoma. Nikamimina chai. Nikafikiri juu ya nyumba, na miaka miwili iliyobaki, na kwamba kwa miaka kumi na tisa hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa. Nikasema, "Niongeze sukari?"

Wakaenda kumchukua Mluzi. Alikuwa na mzigo wa majani mgongoni. Aliutua, akaupanga mafungu kwanza, askari wakamsubiri. Dada hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa zizi akanitazama mimi tu, si askari, si gari. Mimi ndiye niliyewafungulia lango watoke naye.

Julai 25

Nakata majani. Mizigo sita tu, mgongo umekufa.

Julai 30

Sawa. Mizigo tisa. Ng'ombe wananikimbia, mluzi wangu ni wa hewa tupu. Dada ananipa maji ya kunywa. Ananigusa shingo kama kawaida, lakini mkono unakaa pale zaidi ya kawaida.

Agosti 6

Nimekwenda mahabusu kumpelekea Mluzi chakula na shati. Chumba cha wageni kina benchi moja na dirisha la nondo lisilopitisha upepo. Amekonda usoni. Aliuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kabla hajauliza za mama yake.

Kisha akasema, "Mjomba, nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba niliwaingiza hifadhini. Wamesema nikikubali kesi itakuwa nyepesi, miezi sita tu, na huenda mama wakamwacha pale. Nikikataa watamwondoa kabisa."

"Lakini hukuwaingiza."

"Wewe ndiye unajua," alisema, akatabasamu. "Mtu mwingine yeyote anaweza kunitilia shaka, ila wewe unaujua ule uzio. Hilo linanitosha, Mjomba. Nalala vizuri kwa sababu yako."

Nilimwambia saa za kutembelea zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Ilibaki robo saa nzima.

Agosti 7

Sijaandika kitu kwenye daftari la ofisi. Ni mara ya kwanza.

Agosti 8

Nimeandika "sawa" mara mbili, ya leo na ya jana.

Agosti 15

Nimetembea mpaka ofisini kwa Msimamizi, mwendo wa saa mbili, niseme. Nilimkuta anakula. Akanikaribisha, tukala, akanisimulia habari za meno ya mkewe, nikarudi. Nikiwa njiani nilijitukana kwa sauti mpaka mtu mwenye baiskeli akashuka akaniuliza kama naumwa. Natembea kilomita kumi na nne kila siku na sioni mahali pa kutokea. Kote nimekaza mwenyewe.

Agosti 18

Sindano za mara ya pili. Ng'ombe thelathini na sita. Mimi ndiye niliyewashika vichwa.

Agosti 21

Daktari alianza kusoma asubuhi. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Wa tatu, mzima. Dada alikuwa kwenye lango ameshika mti wa juu kwa mikono miwili. Wa nne alikuwa mtamba wa Shangazi, binti yake wa mwisho, na nilipomshika kichwa niliuona uvimbe kabla Daktari hajaugusa. Yule mtamba alikuwa akiufuata mkia wa mama yake kila alasiri mpaka kwenye jiwe. Nilikuwa namwona nikiwa kwenye kigoda changu. Alikuwa hafikii vizuri, anapiga magoti.

Nikasema, "Daktari, usiendelee."

"Kuna nini, mzee?"

"Nyati hakutoka wala ng'ombe hawakuingia. Jiwe la chumvi nililiweka chini ya waya."

Hakuelewa. Nilimpeleka nyuma ya choo, nikatoa kuni, nikachimba. Lilitoka likiwa na udongo, na mashimo yake mawili yakiwa bado laini. Daktari alivaa glavu akalishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemtaka. Akaweka kidole gumba shimo la huku na kidole cha shahada shimo la kule.

"Nilikuuliza," alisema. Sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwenda. "Nilikuuliza tangu Juni, mzee."

"Uliuliza, nikakujibu kuhusu uzio."

"Na kijana wa watu yuko ndani."

"Ni wa dada yangu," nikasema, sijui kwa nini. Labda nilitaka anichukie zaidi kidogo, na alinichukia. Akaliweka jiwe kwenye mfuko, akaandika, akanipa nisome, nikatia sahihi. Mstari haukutosha, ilibidi ageuze karatasi.

Walipomaliza kupima walipata watano wengine. Zizi lote litakwenda.

Nilirudi kwa Dada. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilianza kueleza, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Jiwe nililiona tangu mwaka juzi," alisema. "Nani asiyejua ng'ombe wake wanalamba nini? Siku Daktari aliposema mate, nikajua. Nikasema moyoni, ngoja, mdogo wangu atasema mwenyewe."

"Dada, mwanao alifungwa. Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekuchukua wewe." Alijifuta uso kwa kanga, akakunja kanga, akaikunjua. "Nimelea wawili. Kila asubuhi nilikuwa naamka naogopa kwamba leo utasema. Jioni nalala naogopa kwamba hukusema. Usiniulize tena mbona."

Nimekaa chini, kwenye samadi. Nilimwona Dada muda wote huu kama jiwe la nyumba, kitu cha kuegemea. Sikujua kwamba nilimwachia achague, na kwamba alinichagua mimi, na kwamba kila ndoo ya maziwa aliyomwaga alikuwa ananilipia.

Agosti 27

Ng'ombe thelathini na sita wamepakiwa. Malori matatu. Nimefungua kufuli kwa mara ya mwisho, nikamrudishia Msimamizi funguo, daftari na koleo. Hakunitazama. Alisema idara haitanishtaki, imenifukuza tu, niwe nimetoka kwenye nyumba yake kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba mambo ya pensheni nisiyaulize sasa. Nilimsikitikia. Aliniamini bila kunijua.

Agosti 31

Nimehamia kwa Dada na sanduku moja. Amenipa chumba cha Mluzi. Sina pengine pa kwenda, na yeye hana pengine pa kuniweka.

Septemba 12

Mluzi ameachiwa. Aliingia uani, akamkumbatia mama yake muda mrefu, akapita mbele yangu kama unavyopita mbele ya kiti. Alichukua mkeka wake akalala kwenye kibanda cha majani. Dada alipakua chakula sahani tatu, akatuweka mkeka mmoja. Tulikula. Niliwasikia wao wawili wakitafuna.

Septemba 13

Kimya.

Septemba 14

Kimya. Zizi linatakiwa kukwanguliwa samadi yote na kuchomwa jua miezi sita. Yeye anakwangua upande wa mashariki, mimi wa magharibi.

Septemba 20

Kimya. Nimejaribu kusema pole. Ameinua jembe akahamia mbali zaidi. Dada anatuona, anajifanya anachambua mchele.

Oktoba 4

Mawingu ya kwanza. Leo alfajiri niliamka nikavaa, nikatoka, nikafika mlangoni pa zizi ndipo nikakumbuka kwamba hakuna kitu cha kukamua. Dada alikuwa pale tayari, ameshika ndoo. Mara tukasikia hatua, Mluzi akatokea kwenye kibanda anafikicha macho, kamba ya kufungia miguu ya ng'ombe begani. Alitukuta tumesimama. Alitazama ndoo, akatazama zizi tupu, akatazama kamba yake mwenyewe.

Tukakaa hivyo, watu wazima watatu, kwenye mlango wa kitu kisichokuwepo.

"Rudi ukalale, Mama," alisema mwishowe.

Dada hakusogea. Mluzi alizungusha kamba mkononi, akaitundika kwenye nguzo, na bila kunitazama akasema, "Na wewe."

Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu atoke. Hakuna aliyekwenda kulala. Mvua ilianza, matone machache kwanza, na tuliingia sote watatu tukachukua majembe kabla samadi haijalowa.